Mabega yangu yamekuwa mawe

"Shangazi, usiku volkano ya Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2021 nilikimbia na mtoto mgongoni. Hadi leo, lori likipita na nyumba ikatikisika, mabega yananipanda hadi masikioni. Asubuhi naamka taya zinauma. Daktari amenipima, hakuona kitu. Mama mkwe anasema najidekeza. Je, nina wazimu?" — Mama wa Majengo, Goma

Mdogo wangu, huna wazimu, wala hujidekezi. Hatari ikikufika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza ili ukimbie. Nawe ulikimbia. Lakini baada ya ile Mei 22 ardhi iliendelea kutetemeka siku kadhaa, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Mwili ungetulia saa ngapi? Mtikisiko wa lori ni ndugu wa tetemeko. Mabega yanapanda kabla hujawaza lolote. Maumivu hayo ni ya kweli.

Watoto wakilala, chovya kitambaa katika maji ya moto, kikamue, kiweke mabegani mpaka kipoe. Kisha pandisha mabega kwa makusudi, yakaze, hesabu hadi tano, yaachie yaanguke. Rudia mara tatu. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alifundisha kukaza na kulegeza namna hii karibu miaka 100 iliyopita, na mimi naipenda kwa sababu haidai hata faranga moja.

Sasa mkono wa kulia ushike nyama iliyo kati ya shingo na bega la kushoto. Ibane, toa pumzi polepole, iachie. Badilisha upande. Kwa taya, uma meno kidogo usikie msuli unaovimba mbele ya sikio. Fungua mdomo, usugue hapo kwa vidole, taratibu. Mbele ya shingo usikandamize.

Kifua kikibana, mkono ukifa ganzi, ndoto za moto zikikunyima usingizi au ukitamani kufa, usingoje: nenda kituo cha afya, uombe kuonana na mtu wa saikolojia. Hapo kukanda peke yake hakutoshi.

Na huyo mama mkwe, kama alikuwa Goma Januari 2002, lava ilipokata mji hadi ziwani, mguse mabega. Mwambie akukande mgongo usioufikia. Akimaliza, mkande naye.