Muulize Fundi: Pentium III Usiipeleke kwa Chuma Chakavu

SWALI: Shikamoo fundi. Shule niliyosoma ilikuwa inaondoa kompyuta za zamani, nikapewa moja: Pentium III, RAM megabaiti 256, diski ngumu ya gigabaiti 10 na kioo cha chogo. Nataka kujifunza kuandika amri za Linux. Nimeweka Ubuntu mpya, aina ya Linux, kwenye flashi lakini mashine haiioni kabisa. Wenzangu wanasema niiuze kwa kilo. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hao wa kilo watakupa hela ya soda. Ibakishe mezani.

Pentium III ilitoka 1999, na mashine nyingi za rika lake haziwaki kwa flashi. Zinajua disketi, diski ngumu na CD. Hata ingewaka usingefika mbali, maana Ubuntu ya sasa ni ya biti 64 na prosesa yako ni ya biti 32. Debian nayo, Linux nyingine, tangu toleo la 13 la mwaka 2025, haitoi tena kisakinishi cha biti 32.

Mimi ningeweka mfumo endeshi uitwao NetBSD. Si Linux, ni ya ukoo wa Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, lakini amri kama ls, grep, vi na ssh utazikuta humo, na ukihamia Linux kesho hutapotea. Toleo la 10, la mwaka 2024, bado linapokea hata 486, prosesa iliyotangulia Pentium. Tafuta faili la boot.iso la i386 (yaani la prosesa za Intel za biti 32), lichome kwenye CD (DVD hapana, draivu yako huenda isiisome), chomeka waya wa mtandao, mengine yatavutwa yenyewe.

Kisakinishi ni menyu za maandishi tu. Kikikuuliza seti (mafungu ya programu) za kuweka, usiache comp na man. Ya kwanza ina kompaila, programu ya kutafsiri msimbo wa lugha ya C. Ya pili ina maelezo ya kila amri, utayasoma siku bando limeisha. Za X11, za madirisha na picha, ziruke. Na kivinjari cha kisasa usikiwazie, kitamaliza RAM yote kabla ukurasa haujafunguka.

Ukishaingia kama root (msimamizi mkuu wa mashine), andika:

dmesg | less

Hapo mashine inajitaja kipande kwa kipande: cpu0, kisha wd0 ambayo ni diski yako, na kadi ya mtandao. Realtek 8139, kadi iliyojaa sana kwenye mashine za wakati ule, hujitokeza kama rtk0. Ukiiona, andika dhcpcd rtk0, utapata anwani ya mtandao.

Halafu nunua betri ya CR2032, ile bapa ya kwenye bodi. Ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi, na kila tovuti salama inakataa, kwa kuwa cheti chake kinaonekana hakijaanza kutumika. Watu wanailaumu kampuni ya simu bure. Andika date kwanza, uone mashine inadhani leo ni lini.

SWALI: Mimi nina kompyuta ya prosesa ya 286 ya marehemu babu, ya disketi. Hiyo NetBSD itakubali? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Haitakubali. Inataka prosesa inayogawa kumbukumbu kwa kurasa, programu moja isivamie eneo la nyingine, na kwa Intel hilo lilianza na 386 mwaka 1985. Linux yenyewe Linus Torvalds aliianzia kwenye 386 mwaka 1991. Toleo lake la 3.8 la 2013 likaitosa 386 hiyohiyo. Shukrani ya punda!

Jaribu ELKS, Linux iliyobanwa hadi ikaingia kwenye prosesa za 8086 na 286. Inaenea kwenye disketi moja, na ganda la amri (shell, pale unapoandikia amri) unalipata. Ila disketi za babu zikague kabla. Kama ni zile ngumu, sukuma kile kifuniko cha chuma pembeni, zungusha kitovu taratibu ukiangalia kisahani cha ndani kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe, huo ni ukungu. Usiiingize kwenye draivu, itachafua kichwa cha kusomea na kuharibu disketi zinazofuata.