Karabina kudaka bolti yenyewe: si "bahati mbaya tu", mimi yamenikuta

Wakuu, swali la mleta uzi nimelisoma mara mbili. Kwa anayeingia sasa hivi: mwenzake alikuwa anapanda mwamba kwa kutangulia na kamba, akaipita bolti (chuma kilichokazwa kwenye mwamba, chenye bamba la kufungia kamba), mguu ukateleza. Kabla kamba haijamdaka, karabina tupu iliyokuwa inaning'inia kiunoni ikashika bamba la bolti. Akabaki ananing'inia kiubavu kama nguo kwenye msumari, kisha kitanzi cha kubebea vifaa kwenye hanesi (mikanda ya kiuno na mapaja inayombeba mpandaji) kikachanika, akaanguka akiwa kichwa chini miguu juu. Yupo salama. Anauliza kama hilo ni la kusahau au kuna cha kubadilisha. Mchangiaji wa kwanza kamjibu "bahati mbaya tu, songa mbele". Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Karibu kila kitu tunachobeba kimetengenezwa ili kidake. Karabina ni ndoano yenye mlango wa springi, ukiigusisha kitu inafunguka na kujifunga yenyewe, na ndiyo sifa tuliyoinunulia. Haijui lini umeitaka na lini hujaitaka. Sasa mtu anavaa ndoano kumi na tano kiunoni, anajisugua ukutani siku nzima, halafu moja ikidaka tunaita bahati.

Nieleze langu. Nilikuwa nashuka kwa kamba mbili kutoka juu ya ukuta, kifaa cha kushukia nimekifunga moja kwa moja kwenye kitanzi kikuu cha hanesi, yaani kipo kama shubiri moja kutoka tumboni. Upepo ulikuwa mkali, nikavaa jaketi. Pindo la jaketi lile lilikuwa na kikamba cha mpira chenye kishikizo kidogo cha plastiki, kile cha kubania lisipeperuke. Katikati ya mteremko ukuta uliingia ndani, miguu ikaacha mwamba, nikawa naning'inia hewani. Nikainama kuangalia chini kama kamba zimefika. Nilipoinuka na kuendelea kushuka, kikamba cha jaketi kikaingia ndani ya kifaa pamoja na kamba, kikajiviringisha, kishikizo kikakwama kama kabari. Nikasimama palepale. Juu siendi, chini siendi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kijinga: nilivuta. Nilivuta kwa mikono miwili na kila nilivyovuta jaketi lilizidi kuingia, mpaka nikawa nimekunjwa kifua kimegusana na kifaa. Uzito wangu wote ulikuwa juu ya hicho kifaa, na kinachobana kwa uzito hakiachii mpaka uzito utoke. Hili ningependa mleta uzi amweleze mwenzake, maana ndilo linalofanana na kisa chake: ukishanaswa, mwili unakuambia vuta, jirushe, jitikise. Mara nyingi hapo ndipo unapochana kitanzi au kugeuka kichwa chini.

Jambo la pili nililolifikiria ni kisu. Nilikuwa nacho, kidogo, shingoni. (Kisu cha kuning'iniza shingoni ni mada nyingine, siku hizi changu kinakaa mfukoni.) Nimekifungua, nimekisogeza, mwenzangu aliyekuwa chini akapiga kelele: "Usikate! Usikate kitu!" Alikuwa sahihi. Kamba iliyolegea inasumbua kukata, lakini kamba iliyobeba mtu imevutika kama uzi wa gitaa, ukiigusa tu na makali inafunguka. Na mimi nilitaka kukata kikamba cha jaketi kilichoviringishwa juu ya kamba hiyohiyo iliyonibeba, huku mikono inatetemeka.

Kilichoniokoa ni vikamba viwili vyembamba. Cha kwanza nilikuwa nimekifunga fundo la prusiki, lile linaloibana kamba likipata uzito, chini ya kifaa kabla ya kuanza kushuka, kwa hiyo nilipoachia mkono sikuteremka. Bila hicho ningekuwa nimeshika kamba kwa mkono mmoja huku nahangaika kwa mwingine, na mkono huchoka. Nikaviringisha kamba ya chini mara nne kwenye paja, nikafunga na fundo kubwa chini yake. Halafu kikamba cha pili nikakifunga prusiki juu ya kifaa, nikaning'iniza slingi (kitanzi cha utepe) ndefu, nikaingiza mguu kitanzini, nikasimama. Kifaa kikalegea kwa sentimita chache tu. Hizo zilitosha: nikachomoa jaketi nyuzi kwa nyuzi. Mwenzangu aliniambia baadaye ilikuwa dakika arobaini. Mimi ningeapa ni saa mbili.

Tangu siku ile sishuki kifaa kikiwa tumboni. Natoa slingi fupi kutoka kwenye hanesi, kifaa kinakaa mbele ya kifua, mbali na nguo, na prusiki ya chini inafungwa kwenye kitanzi kikuu. Ila kuna ubaya wake ambao watu hawausemi: kifaa sasa kimekaribia uso. Wenye nywele ndefu, rasta, mtandio, ncha ya mkanda wa kofia inayopepea, vyote viko jirani na mdomo wa kile kifaa. Nywele zikiingia mle hazitoki kwa kubembeleza, na huwezi kusimama kwa mguu huku kichwa kimevutwa. Funga nyuma, ingiza ndani ya nguo, ndiyo ushuke.

Turudi kwenye karabina ya mwenzako. Angalia pua yake, pale mlango unapofungia. Aina nyingi za zamani, na nyingi za mlango wa waya hata leo, zina kijino pale. Kijino hicho ndicho hudaka bamba za bolti, waya, mishono ya slingi, hata kitanzi cha hanesi yenyewe unapotaka kuichomoa haraka. Zipo zenye pua laini isiyo na jino, ni ghali kidogo na zinapitisha. Mimi vifaa vinavyokaa ubavuni na nyuma ni vya pua laini, vyenye jino naviweka mbele ninapoviona. Na milango yote naigeuzia upande wa mwili. Mlango ukitazama nje, umeutega.

Kuna kitu kingine kwenye kisa hicho kilichonitisha kuliko kitanzi kuchanika. Soma maandishi yaliyochongwa mgongoni mwa karabina yako. Kiwango cha Ulaya, EN 12275, kinataka karabina ya kawaida ihimili angalau kilonewtoni 20 kwa urefu mlango ukiwa umefungwa, na 7 mlango ukiwa wazi. Kilonewtoni moja ni takribani uzito wa mtu wa kilo mia akiwa ametulia, na anguko si kutulia. Sasa karabina ikidaka bamba kwa ncha ya pua tu, mlango umebaki wazi na mzigo umekaa kwenye ncha badala ya mgongo, uko nje ya namba zote hizo mbili. Ile ya mwenzako ilikuwa tupu, kilichochanika ni kitanzi cha vifaa, ambacho hakikutengenezwa kubeba mtu hata kidogo. Lakini jambo hilohilo hutokea kwa karabina iliyobeba kamba: unapita, goti linaisukuma, inapanda juu ya bamba na kukaa kwa pua. Ukitazama kutoka juu inaonekana imefungwa vizuri. Ukishapita bolti, tupa jicho chini mara moja, ni sekunde moja tu.

Na mguu. Watu wanaogopa vyuma, lakini kitu ninachokiona kikinasa zaidi ya vyote ni kamba kupita nyuma ya mguu wa mpandaji mwenyewe. Unapanda kwenda kushoto, kamba inapita nyuma ya shavu la mguu, unaanguka, kamba inanyooka na kukung'oa mguu, unapinduka na kupiga kisogo ukutani. Nashuku hata mwenzako alipinduka kwa sababu hiyo kuliko ile karabina, mwulize kamba ilikuwa upande gani wa paja. Anayekushikia kamba chini anaona hili vizuri kuliko wewe, kwa hiyo mpe ruhusa ya kukupigia kelele na usimkasirikie.

Mpira wa slingi nao niutaje, maana nimeona humu mtu akisifia. Kile kipande cha mpira kinachobana karabina isizunguke kinafaa kwenye utepe mfupi ulioshonwa. Kwenye slingi ndefu iliyo wazi ni mtego. Slingi ikikunjwakunjwa begani, upande wake mwingine unaweza kudakwa na karabina ileile. Ukiivuta, utepe unajipindua na kutoka, na kinachobaki kuishika karabina ni mpira peke yake. Kwa macho huoni tofauti, mpaka uiwekee uzito. Mpira haubebi mtu. Mwaka 2013 huko Orpierre, Ufaransa, mvulana wa miaka 12 kutoka Italia alianguka na kufariki siku chache baadaye, kwa sababu karabina zake zilikuwa zimepitishwa kwenye mpira tu badala ya utepe wenyewe. Pale kosa lilikuwa la namna ya kuviunganisha, halikuwa la kunasa, lakini mwisho wake ni uleule. Mimi slingi ndefu hazina mpira, basi.

Kofia. Kuna mtu kauliza kwenye uzi kama kofia ya ujenzi inatosha. Tofauti kubwa ipo kwenye mkanda wa kidevu, na inahusu kunasa moja kwa moja. Kofia ya viwandani ya kiwango cha EN 397, mkanda wake unatakiwa uachie mzigo ukifika kati ya nyutoni 150 na 250 (takribani uzito wa kilo 15 hadi 25), ili fundi akinaswa na kitu asinyongwe. Ya mlimani, EN 12492, mkanda unatakiwa uvumilie nyutoni 500, kwa sababu ukianguka na kugonga mara mbili tatu, kofia isiwe imebaki juu peke yake. Kwa hiyo ya mlimani haikuachii. Ukiingiza kichwa kwenye ufa mwembamba ikakwama, shusha pumzi, rudi ulikopita. Nilikwama hivyo siku moja kwenye ufa ambao hata mtoto angeupita bila kofia, na kilichonitoa ni kurudi chini hatua moja, mambo ya kusukuma yalikuwa yananizidishia. Na usiwaachie watoto wachezee kofia hiyo kwenye bembea.

Mengine kwa haraka. Pete vua, bamba la bolti likiidaka wakati unaanguka linaondoka na ngozi ya kidole, wakati mwingine na kidole chenyewe. Viatu vya kutembelea usivining'inize nyuma kwa kamba zake ukiingia kwenye mpasuko. Karabina ya skrubu ichunguze upya kila baada ya muda, kamba ikisugua ile skrubu kwa upande mbaya inaifungua taratibu bila kukuuliza. Na mkikwamisha kamba wakati wa kuivuta baada ya kushuka, usipande juu ya ncha moja ambayo hujui imeshikwa na nini huko juu. Inaweza kuwa imeshikwa na jiwe la ukubwa wa ngumi. Kabla ya kuvuta, fundo la mwisho la kamba liwe limefunguliwa. Hili nimelisahau mara mbili maishani, ya pili tukalala nje.

Kuna anayesema dawa ni kubeba vitu vichache. Nakubali nusu. Mimi siku ile nilinaswa na kikamba cha jaketi, si chuma, na vikamba viwili ambavyo "havikuhitajika" ndivyo vilivyonishusha. Punguza vinavyoning'inia, sawa, kila kinachofika chini ya paja kikunje au kiingie mfukoni. Lakini hivyo viwili usiviache garini.

Mleta uzi, kuhusu ile hanesi: kitanzi cha vifaa si sehemu ya kubeba mwili, kwa hiyo kuchanika kwake peke yake hakuiui hanesi. Tatizo ni kilishonwa wapi. Geuza upande wa ndani, angalia kama mshono uliochanika umeingia kwenye mkanda wa kiuno au umeishia kwenye kitambaa cha juu. Piga picha karibu, kwenye mwanga, uiweke hapa tuione. Kama umeingia kwenye mkanda, mimi nisingeivaa tena.