Nyota tatu za mtu mmoja

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Je, nyota yako inaeleza tabia yako?" Mimi nimezaliwa tarehe 10 Oktoba, kwa hiyo gazetini ni Mizani: mpenda amani, mwenye maneno mazuri, mzito wa kuamua. Kuamua kunanishinda kweli. Hayo mengine waulizeni majirani zangu hapa Ngamiani, Tanga.

Dada yangu, ambaye mambo haya hayampiti, aliniambia nyota ya gazetini ni ya jua tu, yaani ile ambamo jua lilikuwa ulipozaliwa, na watu wote wa kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi karibu mwisho wa Oktoba tunaichangia. Iko ya mwezi, inayobadilika kila baada ya siku mbili na nusu hivi. Iko pia ile iliyokuwa ikichomoza mashariki wakati unazaliwa, na hiyo hupokewa na nyingine kila baada ya kama saa mbili. Nikaona ana hoja. Wanajimu wa zamani walikuuliza saa kwanza. Hizi safu za magazetini zilishika kasi baada ya 1930, mnajimu R. H. Naylor alipoandika katika gazeti la Sunday Express la London juu ya nyota za Princess Margaret wa Uingereza, aliyekuwa mtoto wa siku chache.

Nikaitafuta kadi yangu ya kliniki. Imechanika kwenye mkunjo, lakini wino wa buluu bado unasomeka: "saa 12:00". Nikaiingiza hivyo hivyo kwenye programu ya simu. Nyota inayochomoza: Mbuzi. Mtu mzito, mchapakazi, hacheki ovyo, alibeba majukumu mapema. Nikamsomea mke wangu. "Ndiye wewe kabisa," akasema, wala hakuinua macho kwenye nazi anayokuna.

Jioni nikampigia mama kumshukuru kwa kunizaa saa sita mchana.

"Saa sita gani tena, mwanangu? Wewe umezaliwa saa kumi na mbili asubuhi. Jua linatoka, baba yako ndiyo kwanza anarudi msikitini."

Muuguzi aliandika saa ya Kiswahili, programu ikasoma ya Kizungu. Saa sita zimepotea, na kwa saa sita nyota tatu nzima zimeshapita. Aliyezaliwa jua likichomoza, nyota yake inayochomoza kwa kawaida ni ile ile ya jua, kwa hiyo Mbuzi nikavuliwa, nikarudi kuwa Mizani, safari hii mara mbili. Mchangamfu, mpatanishi, hapendi ugomvi. Nikamsomea mke wangu. "Na hii pia ndiyo wewe."

Wazee wetu wa falaki wao hawakuhitaji saa wala tarehe. Walichukua jina lako na la mama yako kwa herufi za Kiarabu, kila herufi na thamani yake. Langu, Ali, ni 110, la mama, Mariamu, ni 290, jumla 400. Toa kumi na mbili kumi na mbili mpaka zisitoke tena. Zinabaki 4, na nyota ya nne ni Kaa. Mtu wa nyumbani, mwepesi wa kununa. Hapo mke wangu alicheka hasa.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Yalikuwa maandishi yale yale kwa wote, mengi yametolewa kwenye kitabu cha nyota. Kwa jinsi yanavyowaeleza, waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Kwangu dada anasema tatizo lilikuwa saa. Lakini Mbuzi wa makosa alinienea kama kanzu ya kupimwa! Kuongeza mwezi na nyota inayochomoza kumenipa nguo nyingi zaidi za kujaribu, na zote zinanikaa.

Sasa mke wangu naye anataka ramani yake. Mama mkwe anakumbuka mvua ilikuwa kubwa na kuku wote walikuwa wameingia ndani. Saa, hakumbuki.