TV ya kebo kwenye RV inakatakata? Usikimbilie busta kwanza

Jamani wale mnaoishi kwenye RV, yale magari ya kuishi na kusafiria, huku Marekani, sanasana familia za manesi wa mikataba ya wiki 13 kama sisi, hii ni ya kwenu. Mtu akishahamia kambi mpya ya kuegesha RV lazima nipigiwe simu ya aina moja, "Kaka, nimechomeka kebo ya hapa kambini, chaneli chache ziko poa, zingine zinaganda zinakatakata, sasa shem anataka kuangalia taarifa ya habari, ninunue busta gani?" Na mimi namjibu lile lile, usinunue kitu. Busta kazi yake ni kuongeza nguvu ya mawimbi, sasa hujajua yanapotelea wapi, halafu unataka kuyaongeza nguvu?

Ukweli ni kwamba mara nyingi shida iko ndani ya mita chache za waya wako mwenyewe, kuanzia ile nguzo fupi ya umeme na kebo pale nje mpaka nyuma ya TV, na ndani ya hizo mita chache shida hukaa kwenye viungio. Waya wenyewe mara nyingi hauna kosa. Sema viungio vingi vimefichwa, ndo maana watu wanakata tamaa.

Anza na kitu cha bure. Kwenye ukuta karibu na TV, au ndani ya kabati la juu, kuna kiplastiki chenye tundu la waya wa antena, kitufe kidogo na kitaa. Kile ni swichi ya busta ya antena ya paa. Kitaa kikiwaka maana yake umechagua antena ya juu na umeipelekea umeme wa volti 12, na waya unaotoka nje kwenye nguzo umefungiwa mlango, kinachopenya hapo ni kidogo sana, ndo unaona picha mbovu au chaneli mbili tatu za kuungaunga unasema kebo ya kambi ni mbovu. Ukitumia kebo kitaa kizime. Basi. Wengi wanaonipigia tunamalizana hapo hapo kwenye simu, na kwa kweli sijui kwanini watengenezaji hawaandiki hilo kwa herufi kubwa pale ukutani, maana kuna kitufe kimekaa uchi tu bila neno lolote.

Cha pili ni menyu ya TV. Ukifika kambi mpya utafute chaneli upya, na ukiulizwa chanzo chagua Cable, usichague Antenna wala Air. Kuna kambi ndogo ndogo bado zinasambaza analojia kwenye nyaya zao wenyewe, ukitafuta kwa Antenna unapata 2 mpaka 13 tu kwa sababu hapo masafa ya kebo na ya hewani yanafanana, kuanzia 14 yanaachana. Kwahiyo mtu analalamika "chaneli za juu hazishiki" kumbe TV inazitafuta pasipo zenyewe.

Bado inasumbua? Sasa toa TV nje. Nasema kweli, ibebe. Ile ya chumbani ni ndogo, RV nyingi inakuwa ya volti 12 au hata ya umeme wa kawaida unavuta ekstensheni, ipeleke mpaka kwenye nguzo, iunganishe moja kwa moja kwa kiwaya kifupi kizuri cha mita moja hivi, tafuta chaneli, angalia. Majirani watakushangaa, waache washangae. Hapa ndo pa kujua ugomvi ni wa nani. Kama picha ni mbovu pale pale kwenye nguzo, hiyo ni kazi ya kambi, ingia ofisini uombe fundi au eneo jingine, na busta yoyote utakayonunua ni hela ya kutupa. Kama picha ni safi, basi mwizi yuko kwako, rudi nyuma kiungio kwa kiungio: mwisho wa ule waya mrefu wa nje, halafu tundu la ukutani kwa ndani, halafu nyuma ya TV. Sehemu picha inapoanza kuharibika, mwizi yuko kati ya hapo na pale ulipopima mara ya mwisho.

Kipindi tuko bonde la Rio Grande kule kusini mwa Texas, ambako wastaafu wa kaskazini na wa Kanada wanajaa wakati wa baridi, mzee jirani yangu alikuwa ameshaweka busta mbili zimefuatana na TV bado inaganda, akaniita. Nikamwambia mzee tuanzie nje. Nguzo safi kabisa. Mwisho wa waya wake wa nje, safi. Tukafungua kile kibati cha ubavuni mwa RV pale waya unapoingilia, skrubu nne, nikavuta kwa ndani, koneta ya nyuma, yani kile kichwa cha chuma cha waya, ilikuwa ile ya kuzungusha kwa mkono, imelegea, shaba ya katikati imepata ukijani na uzi mmoja wa ule wavu wa nje umepinda unaigusa ile shaba. Uzi mmoja tu kama unywele. Upepo ukitikisa gari, picha inaganda, ukitulia inarudi. Kule karibu na Ghuba ya Meksiko hewa ina chumvi, na mtu aliyekulia Tanga au Mombasa hahitaji kuelezwa chumvi inavyokula bati. Tukakata ule mwisho tukaweka koneta mpya, tukatoa busta zote mbili, na picha ikawa nzuri kuliko alivyowahi kuiona pale.

Kuhusu hiyo koneta niseme kidogo kwa sababu ndo roho ya shughuli yote. Achana na za kuzungusha kwa mkono na zile za kubana kwa koleo, nunua za kushindilia (compression) na kifaa chake, hakina gharama ya kutisha na utakaa nacho miaka. Ganda la nje unalivua kwa kipimo, wavu unaukunja kurudi nyuma juu ya ganda na uhakikishe hakuna hata uzi mmoja umebaki mbele, ile plastiki nyeupe ya ndani ije ilingane na sakafu ya koneta usiiache nyuma wala isipitilize, na shaba ya katikati itokeze kidogo tu kupita mdomo wa koneta, kama milimita 3. Ikiwa fupi haigusi vizuri, ikiwa ndefu inapanua lile tundu na siku ukichomeka waya mwingine haushiki. Kaza kwa vidole halafu malizia na spana kidogo sana, ukikaza kama nati za tairi utang'oa tundu lenyewe nyuma ya TV.

Koneta iliyolegea ina ubaya mwingine, inaruhusu mawimbi ya nje kuingia. Minara ya simu inatumia masafa ambayo kebo nayo inayatumia ndani ya waya, kama wavu haujafunga vizuri yanachanganyika, ndo maana unakuta kundi fulani la chaneli linakufa na mengine yanaendelea kama hamna kitu. Mtu anaapa ni mawimbi dhaifu kumbe ni kelele.

Sasa splita, kile kigawanyio cha waya mmoja kwenda TV kadhaa, adui aliyefichwa. RV ikiwa na TV sebuleni, chumbani na ile tundu ya nje chini ya turubai, lazima kuna splita mahali, nyuma ya kabati au nyuma ya kile kiplastiki cha swichi. Splita ya njia mbili inakula kama desibeli 3.5 kila upande, yani unabaki na chini ya nusu ya nguvu iliyoingia. Ya njia nne inakula kama 7, unabaki na moja ya tano. Halafu unakuta mwenye gari wa kabla yako aliongeza yake juu ya ile ya kiwandani. Zitafute, zitoe, unganisha waya kwa waya na kile kipande cha jike kwa jike, uangalie. Kama TV unayotumia ni moja usiwe na splita kabisa. Kama lazima ibaki, tundu lisilotumika lizibe kwa kizibo cha omu 75, usiliache wazi linarudisha mawimbi nyuma.

Watu wananiuliza pia kuhusu aina ya waya, kwamba RV yangu ya zamani ina waya wa RG-59 ukutani, nibomoe niweke wa RG-6? Mimi nasema hapana. Soma maandishi kwenye ganda utaona ni ipi. Kwenye masafa ya juu, megahezi 750 hivi, RG-6 inapoteza kama desibeli 6 kwa futi 100 na RG-59 kama 7. RV yako ina futi 100? Haina. Tofauti ni chini ya desibeli moja, splita moja mbovu inakushinda mara tatu. Ule waya wa nje ndo wa kubadilisha, unaolala kwenye majani, mashine ya kukatia nyasi inaupitia, gari linaukanyaga, umekunjwa kwenye sanduku na mabomba ya maji. Nunua RG-6 mzuri wa urefu unaokutosha, usiache mzigo wa waya umezungushwa chini ya gari.

Na busta ina kazi yake, sikatai. Kama nguzoni picha ni safi, viungio umeshatengeneza, na una TV tatu kwa kweli, weka moja ndogo karibu na waya unapoingilia kabla ya splita, siyo nyuma ya TV, maana pale mwisho inakuza na kelele yote iliyookotwa njiani. Ukiweka kubwa kupita kiasi TV inalemewa na picha inakatakata vile vile, ukiona hivyo usije ukadhani inahitaji nyingine.

Kuna jambo moja siyo la mawimbi kabisa ila wanalichanganya. Mwaka 2012 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliwaruhusu makampuni ya kebo yaliyohamia dijitali kufunga hata chaneli za msingi, kwahiyo TV inaweza kukuta chaneli, ikaonyesha namba na giza, au ikakuandikia imefungwa. Pale hata uwe na waya wa dhahabu hupati kitu bila king'amuzi chao. Kwahiyo siku hizi kabla sijalipia mwezi mzima nawauliza ofisini, kebo yenu inahitaji king'amuzi au inachomekwa tu, na kama inahitaji, mnatoa nyie au niongee na kampuni, na amana ni bei gani. Wengine wanavyo kabatini pale kaunta wala hawakuambii mpaka uulize.