Maswali ya wasomaji: Losheni ya jua, kipimo ndicho kinachopungua

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza losheni ipi ya jua ni bora. Tukizisoma kwa makini tunaona shida kubwa iko kwenye kiasi kinachopakwa, hata pale losheni yenyewe ni nzuri. Tumechagua tano.

*Nina miaka 34, naishi Tabata, Dar es Salaam. Tangu nijifungue nina madoa meusi mashavuni na juu ya mdomo. Dukani waliniuzia losheni ya SPF 50, chupa ya mililita 50. Naipaka usoni na shingoni kila asubuhi, huu mwezi wa tatu, na chupa haijafika nusu. Madoa yako palepale. Niliuziwa feki?*

Dada, hiyo chupa ambayo haijafika nusu inaeleza mengi. Uso na shingo vinahitaji nusu kijiko cha chai au zaidi kidogo, yaani mililita 2.5 hadi 3 kila unapopaka. Kwa kipimo hicho, chupa ya mililita 50 huisha ndani ya siku 17 hadi 20. Yako ina miezi. Ile SPF 50 iliyoandikwa kwenye chupa, yaani namba ya kinga dhidi ya miale inayounguza, ilipatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Watu wengi hupaka robo hadi nusu ya hapo, na kinga inashuka sana, hata kama losheni ni halali kabisa.

Kijiko si lazima. Minya mstari mmoja wa losheni juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hiyo ndiyo ya uso na shingo. Utaona ni nyingi, kwa hiyo paka mstari wa kwanza, subiri dakika mbili ishike, kisha paka wa pili. Masikio, kisogo na pembeni mwa pua ndizo sehemu zinazosahaulika zaidi. Mafuta yako ya kawaida yatangulie, losheni ya jua ifuate, poda iwe ya mwisho. Ukichanganya losheni na mafuta kiganjani unaipunguza nguvu.

Usihangaike sana kutafuta namba kubwa. SPF 30 ikipakwa kwa kipimo inazuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza, na SPF 50 inazuia karibu 98. Namba hiyo haikuambii lolote la uhakika kuhusu UVA, miale inayopenya ndani zaidi na kupita hata kwenye vioo vya pembeni vya daladala. Tafuta herufi UVA ndani ya duara, au PA ikifuatwa na alama za kujumlisha, tatu au nne.

Kwa ngozi yetu nyeusi kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Madoa ya aina yako hayachochewi na miale hiyo peke yake. Mwanga wa kawaida wa jua, huu tunaouona kwa macho, nao huyatia weusi, na losheni nyingi zisizo na rangi zinauacha upite. Unaozuia mwanga huo ni unga wa oksaidi za chuma, uleule unaoipa losheni rangi ya kahawia. Geuza chupa, soma orodha ya viambato, utafute namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Ukiziona, hiyo ndiyo unayoitaka. Tena losheni ya rangi haikuachi na weupe kama wa majivu unaoletwa na zinki, unga mweupe unaokinga jua, ilimradi uchague rangi inayokaribiana na ngozi yako.

Kama umeanza mkorogo ili kuyafuta hayo madoa, acha. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na kwa sababu nzito. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka tena, na krimu zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Madoa ya uzazi hufifia polepole, kwa miezi, na vidonge au sindano za uzazi wa mpango huweza kuyaamsha upya. Mweleze daktari wa ngozi kama unazitumia.

*Shikamooni. Mwanangu wa miaka 8 ana ualbino, tuko kijijini mkoa wa Shinyanga. Losheni nikiipata ni chupa moja ya mililita 100, nayo haimalizi wiki mbili. Nifanyeje idumu?*

Marahaba, mama. Usipunguze kipimo. Punguza sehemu inayohitaji kupakwa. Akivaa kaptura na shati la mikono mifupi, atahitaji angalau mililita 5 kila akipakwa, na kwa kupaka mara mbili kwa siku chupa inaisha siku ya kumi au mapema zaidi. Akivaa suruali, soksi ndefu na mikono mirefu hadi kwenye vifundo, unabaki na uso, masikio, shingo na migongo ya viganja. Hapo mililita 3 zinatosha, sita kwa siku, na chupa hiyo inakwenda siku 16 za shule. Nenda kamwone mwalimu mkuu uombe ruhusa ya sare ndefu, maana nguo haiyeyuki kwa jasho wala haihitaji kurudiwa. Inyanyue kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya kwenye nyuzi, na jua linapenya.

Kofia iwe ya duara, ukingo wa sentimita 8 au zaidi pande zote. Kapelo inaacha masikio na kisogo wazi, na huko ndiko kansa ya ngozi hupenda kuanzia. Midomo nayo ipakwe. Mpake robo saa kabla hajatoka, halafu mfundishe kujipaka tena mwenyewe saa nne, wakati wa mapumziko. Kuanzia hapo hadi saa kumi alasiri jua ni kali mno. Mwombe mwalimu amwondolee kufagia uwanja na michezo ya saa hizo, amkalishe mbali na dirisha, karibu na ubao, kwani macho yake nayo huona kwa shida. Siku ya mawingu apakwe vilevile, kwa sababu wingu jepesi huruhusu sehemu kubwa ya miale.

Ipo losheni iitwayo Kilisun, inayotengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino. Imekuwa ikigawiwa bure kwenye kliniki za ngozi zinazotembelea mikoa. Ulizia hospitali ya wilaya au Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania ni lini kliniki inafika kwenu.

Kila Jumapili mkague mchana kweupe: masikio, pua, midomo, kisogo, mikono. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, gamba gumu linalorudi kila likibanduka, au kiuvimbe kinachotoka damu, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Uvimbe mdogo hukatwa ukaisha. Ukicheleweshwa unakula nyama ya ndani, na matibabu yanakuwa magumu.

*Nalima mwani Jambiani, Zanzibar. Losheni inatoka majini. Kuna isiyotoka?*

Hakuna. Iliyoandikwa kuwa inastahimili maji hudumu dakika 40 au 80, kama chupa inavyosema, na ukijifuta kwa kanga unaiondoa. Mikono yenye mchanga na chumvi haipaki vizuri, kwa hiyo tegemea nguo: mikono mirefu na taiti za rangi nzito, zilizofumwa vizuri, kwa kuwa pamba nyeupe ikilowa hupitisha jua zaidi. Mchanga mweupe na povu hurudisha miale kutoka chini, basi paka pia chini ya kidevu. Miwani iandikwe UV400, yaani inazuia miale hiyo.

*Mimi ni bodaboda, Kisumu. Losheni yangu hukaa chini ya kiti, sasa inatoka maji kwanza, kisha mabonge. Nitikise?*

Itupe, kaka. Joto limeitenganisha, na ukitikisa haisambai tena sawasawa, kwa hiyo sehemu nyingine za ngozi zinabaki bila kinga. Nunua chupa ndogo, uiviringishe kwenye taulo ndani ya begi, kivulini. Kwenye chupa, picha ya kikopo kilichofunguliwa chenye 12M inamaanisha miezi 12 tangu uifungue. Ukiwa barabarani rudia kila baada ya saa mbili, au vaa glavu, ubakize uso na shingo.

*Mtoto wangu ana miezi minne. Mama mkwe anasema mafuta ya nazi yanatosha kwa jua. Kweli?*

Yanalainisha ngozi, ila kinga yake ni ndogo mno kuitegemea. Chini ya miezi sita mtoto hapakwi losheni ya jua. Anawekwa kivulini, avae pamba nyepesi ya mikono mirefu na kofia. Ukimbeba, kanga impe kivuli bila kumziba pua. Akitimiza miezi sita anza na losheni ya zinki isiyo na manukato, umjaribu kwanza kidogo ndani ya mkono na kusubiri siku moja.