Mkimya Naye Ana Sehemu Katika Uinjilisti?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi cherehani mjini Morogoro na mshiriki wa kikundi cha vijana katika usharika wetu. Kila Jumamosi tunatoka kwa uinjilisti wa nyumba kwa nyumba, na mara nyingine tunasimama sokoni na kipaza sauti. Tangu utotoni mimi ni mtu wa maneno machache. Nikishikishwa kipaza sauti mikono hutetemeka, na hata mstari niliokariri unanitoka. Hivi karibuni kiongozi wetu alisema mbele ya wenzangu kwamba anayeogopa kusema hadharani anamwonea haya Kristo. Lakini kibandani kwangu wateja hukaa muda mrefu wakinieleza mambo ya nyumbani mwao, na wako ambao nimeomba pamoja nao. Je, hilo nalo ni kuhubiri, au najificha nyuma ya cherehani? (Mkimya, Morogoro)

JIBU: Asifiwe sana, dada. Onyo la Luka 9:26 ni zito, na kiongozi wako ana haki ya kulitaja. Ila linamhusu mtu anayemwonea haya Kristo na maneno yake, na sioni linavyomwangukia mtu anayeomba na mteja wake kwa jina la Yesu, mlango wa kibanda ukiwa wazi. Kama kutetemeka ni dalili ya kumkana Bwana, tutamweka wapi Paulo, aliyewakumbusha Wakorintho kwamba alikuwa kwao katika udhaifu, na hofu, na matetemeko mengi, na ambaye wapinzani wake walisema nyaraka zake ni nzito lakini yeye mwenyewe akiwapo ni dhaifu?

Mtazame Andrea. Siku ya Pentekoste ni Petro aliyesimama akahubiri, na watu wapatao 3,000 wakaongezeka siku ile. Lakini Injili ya Yohana inasema kwamba Petro mwenyewe aliletwa kwa Yesu na Andrea ndugu yake. Baadaye ni Andrea huyohuyo aliyemwona mtoto mwenye mikate mitano na samaki wawili, na ni kwake Filipo alikokwenda Wayunani walipoomba kumwona Yesu. Hakuna hotuba yake hata moja iliyoandikwa.

Walio karibu nawe zaidi kwa kazi ni Akila na Priskila, mafundi wa mahema. Huko Efeso walimsikia Apollo akifundisha katika sinagogi, msemaji hodari aliyeyajua Maandiko lakini aliyejua ubatizo wa Yohana tu. Hawakumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na Apollo akaendelea kuhubiri kwa ufasaha wake uleule. (Natamani baadhi ya viongozi wetu wajifunze hapo namna ya kumrekebisha mtu.)

Tabia mbili tofauti zilikutana pia Rabai, karibu na Mombasa. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa mtu wa safari na mipango mikubwa, akiota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846. Naye alisafiri, hata akauona Kilimanjaro mwaka 1848, lakini baadaye alitulia Rabai akijifunza lugha na kukaa na waumini wachache waliopatikana. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, akiwa amepofuka. Kanisa la pwani linawakumbuka wote wawili, na mimi naona hata Krapf asingeweza kukaa alivyokaa mwenzake.

Hata hivyo, dada, ukimya usiwe kichaka. Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu, na jibu halina budi kutamkwa. Mteja akikuuliza umewezaje kuvumilia, mtaje Yesu kwa jina, hata kwa sentensi mbili. Tena uangalie jambo moja: mama aliyesimama katikati ya kibanda na gauni lililoshikizwa kwa pini hana pa kukimbilia. Mmalizie vipimo kwanza, avae nguo zake, kisha umwombe ruhusa ya kuomba naye; akikataa, bei ya kushona ibaki ileile na salamu zibaki zilezile.

Kuhusu Jumamosi, usiache kwenda. Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, kwa hiyo mwombe kiongozi wako akupange na mwenzako mwenye ulimi mwepesi. Yeye aseme, wewe usikilize, na katikati ya juma umrudie yule mama aliyesema mtoto wake anaumwa. Wahubiri wa sokoni mara nyingi hawana nafasi ya kurudi.

SWALI: Mchungaji, mimi nina tatizo la kinyume. Ni mwendesha bodaboda na mcheshi mno. Abiria wangu wote husikia habari za Yesu, pamoja na utani. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia niwe mzito kama mtumishi. (Bodaboda, Kakamega)

JIBU: Ndugu, uzito wa kuigiza abiria wataugundua kabla hamjafika mzunguko wa kwanza. Baki na ucheshi wako, ila utani usimguse mtu wala dini ya jirani. Tena, abiria hawezi kushuka pikipiki ikiwa mwendoni, na akiwa na kofia ngumu hasikii nusu ya unayosema. Endesha kwa makini, mfikishe salama, mrudishie chenji yake yote, na akitaka kusimama kidogo mzungumze, zima injini.