Mfereji mkavu asubuhi

SWALI: Tangi letu liko mita 20 juu ya mifereji, paipu mita 800, kipenyo cha ndani milimita 50. Mchana maji yapo, asubuhi hayatoki. Kompyuta yaweza kuonesha sababu? – Msomaji, Wete

JIBU: Yaweza. EPANET ni programu ya bure ya kukokotoa maji yanavyopita kwenye paipu, ila huanza na galoni za Kimarekani. Iwekee lita kwa sekunde. Ingiza kipenyo cha ndani: kilichoandikwa kwenye paipu ya plastiki ni cha nje, na hapo wengi huteleza. Kwa C ya 140 (namba ya ulaini wa paipu kwenye kanuni ya Hazen-Williams), lita 1.5 kwa sekunde hula mita 11.6 za presha kati ya zile 20. Asubuhi wote wakifungua, lita 2 hula 19.7. Imebaki nini? Kipenyo cha ndani kikiwa 63, zingepotea 6.4 tu.